Mji Alioushinda Mara Tatu: Wasifu wa Marehemu Sajenti Mstaafu Machibya Ndalahwa (1943–1999)

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Usagara na wa Pasiansi, ndugu zetu wa Ng'ambo mliokaa kule kwenye ua wa minyaa, wafiwa wenzangu wote. Poleni. Mimi ni Evelina Ndalahwa, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Ukoo umenipa kazi ya kusoma kwa sababu nilikuwa naye mwanzo na mwisho, na kwa sababu, kama mnavyojua, sauti yangu haihitaji kipaza.

Kabla sijaanza niseme jambo moja, msije mkashangaa mbele ya safari. Kabla ya kufa, kaka aliniagiza kwamba nikifika kwenye majina ya watoto aliowaacha, nisome na jina la Mhoja Chenge. Karatasi mlizoshika mkononi hazina jina hilo. Kamati ya mazishi ililiondoa, na mwenyekiti wake, binamu yetu Elias, ameniomba leo asubuhi nisome kama ilivyochapwa, basi. Sikumjibu. Mhoja mwenyewe amekaa pale kwenye minyaa na watu wa kwao, na wote wanasubiri kusikia. Wenyeji mnajua kwa nini jina hilo ni zito. Wageni nitawaeleza, kila kitu kwa zamu yake.

Marehemu Machibya Ndalahwa alizaliwa tarehe 12 Agosti 1943 hapa hapa Usagara, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndalahwa na Mama Wilhelmina. Kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuamia ndege kwenye mtama. Siku moja aliwapiga kwelea kwa kombeo mpaka shamba zima likanyamaza, akaja nyumbani kifua mbele kumwambia mama kwamba vita imekwisha, apewe ugali. Tonge la kwanza halijafika mdomoni, tukasikia kelele shambani. Ndege wamerudi wote, na jamaa zao. Mama akamwambia, "Wewe mtoto, ndege hawafukuzwi mara moja ukaja kula. Unakaa shambani mpaka mtama uvunwe." Tulimtania kwa hadithi hiyo hadi akaota mvi. Mtu akikutana naye njiani: "Mzee wa kwelea, vita imekwisha?" Naye alikuwa wa kwanza kucheka. Baadaye aliacha kuicheka, na nitasema ni lini.

Alisoma shule ya misheni Bukumbi, akamaliza darasa la nane mwaka 1959. Alikuwa mwimbaji mzuri wa sauti ya nne na mbovu kabisa wa kuchora. Baada ya shule alifanya kibarua kwenye jineri ya pamba, kazi ya kubeba marobota, na harufu ile ya mbegu za pamba ilimkaa puani maisha yake yote. Mwaka 1965 alijiunga na jeshi.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Hellen, ambaye leo amevaa nyeusi. Hadithi ya posa yao ifahamike kwa wajukuu. Kaka alikwenda kwa mkwe na sare zake zote, viatu vinang'aa, kofia ameiweka pembeni kwa heshima. Mkwe akaanza kunena, na mkwe yule alikuwa mtu wa maneno mengi. Mbuzi akaja akaanza kuitafuna kofia. Kaka akaona. Hakuthubutu kuinuka mzee akiwa anazungumza. Akakaa wima, mikono magotini, anatazama kofia ya serikali inavyoliwa mpaka kitambaa cha mwisho. Hellen anasema alikubali siku hiyo hiyo. Mwanamume anayeweza kukaa kimya namna ile, alisema, huyo ataniwekea nyumba. Walijaliwa watoto watatu: Malimi mwaka 1972, Josephat mwaka 1975 na Wilhelmina mwaka 1979.

Jeshini marehemu alitumika kwa uaminifu miaka ishirini na mitano, akapanda hadi cheo cha sajenti. Alikuwa Kagera na alifika Uganda. Kuhusu vita ile alikuwa anaongea kwa sauti, na bia mkononi. Ile ilikuwa na adui mwenye sare na mpaka wa kumrudisha nyuma yake, alisema. Ukifika mwisho unajua umefika. Vita aliyokuwa haongei ni ya Msumbiji, alikokuwa mwaka 1987 na 1988, jeshi letu lilipokwenda kuwasaidia wenzetu dhidi ya waasi waliokuwa porini.

Alinisimulia mara moja tu, tunaanika dagaa pale Pasiansi, mwaka aliostaafu. Kulikuwa na mji mdogo huko Zambezia. Jina lake hakulitaja hata siku moja. Aliuita ule mji. Ulikuwa na kanisa, barabara moja, na jineri ya pamba iliyokufa. Alipofika alisikia ile harufu ya mbegu, akajiona kama yuko nyumbani. Waliuteka asubuhi moja. Waasi walikimbia wakaacha hadi chai motoni. Wanawake wakatoka kwa vigelegele, na mama mmoja aliyekuwa na nyumba jirani na jineri akamletea kaka maji kwenye kibuyu, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili kama wanavyofanya mama zetu. Kaka akanywa. Kisha wakaambiwa wasonge mbele kuwafuata waasi, wakasonga.

Waasi walirudi nyuma yao. Kikosi kikageuka, kikauteka tena ule mji, tena asubuhi moja, tena bila kupoteza askari. Safari hii hakukuwa na kigelegele. Yule mama alikuwa na mkono uliofungwa kitambaa, na kijana wake mkubwa hayupo. Mama alikuwa ameonekana akitupa maji siku ile ya kibuyu. Wakasonga tena. Mara ya tatu walipouteka, mji ulikuwa karibu mtupu, ila yule mama alikuwa amekaa mlangoni kwake. Kaka alikuwa na kiu. Akamwomba maji mwenyewe, kupitia askari aliyejua lugha yao. Mama akajibu bila kuinuka: "Maji yapo kisimani. Achote mwenyewe. Nikionekana nimempa, nitajibu nini mkishaondoka?"

"Ukafanyaje?" nikamwuliza kaka.

"Nikachota mwenyewe."

"Kwa hiyo mlishindwa?"

"Hatukushindwa pambano hata moja, Eve. Hata moja! Sasa niambie kwa nini nimerudi nyumbani kama mtu aliyeshindwa."

Mimi nikamwambia ageuze dagaa upande wa pili, jua linakwenda. Nilidhani ni uchovu wa vita tu, utaisha.

Alistaafu mwaka 1990, akakaa Pasiansi, mjini Mwanza, ng'ombe wake wakiwa hapa Usagara chini ya Malimi. Mnaikumbuka miaka ile iliyofuata. Biashara ilifunguliwa. Wanunuzi wa pamba walikuja na magari yao, msimu mwingine hawaonekani. Viwanda vya minofu ya sangara viliota Mwanza kama uyoga. Aliyepata alipata, na aliyekosa akaanza kuangalia zizi la jirani. Bunduki nazo zikaanza kuvuka kutoka kwenye vita vya wenzetu. Ndipo lilipozuka genge la Chenge, kutoka kitongoji kilicho ng'ambo ya mbuga hii, ambacho sisi tulikiita hivyo tu, Ng'ambo, kama vile hakina jina. Walikuwa wanachukua ng'ombe, wanajificha kwenye majabali, na Ng'ambo nzima inawapikia.

Mwezi wa saba mwaka 1995 Sungusungu, jeshi letu la jadi la kulinda mifugo, likiwa chini ya kamanda Elias, lilimwomba marehemu aongoze. Aliongoza. Aliwapanga wakulima wenye pinde kama askari, wakalizingira genge kwenye majabali alfajiri, na jua lilipochomoza kazi ilikuwa imekwisha. Chenge alikufa palepale. Ng'ombe walirudi karibu wote. Upande wetu aliumia mtu mmoja, tena huyo alijikwaa. Tulicheza ngoma siku ile, jamani, mimi nikiwa mstari wa mbele, sikatai.

Jioni hiyo baraza likatoa hukumu ya kuitenga Ng'ambo yote. Asiwepo wa kuwapa moto, wala maji, wala salamu, wala kwenda kuwazikia. Kaka akasimama. Akasema, "Elias, leo mmeshinda. Sasa pelekeni watu wakakae nao kule. Pelekeni plau, pelekeni mbegu, waiteni wazee wao hapa barazani. Mkiwafungia nje hawa waliobaki, hawana pa kwenda ila porini."

Elias akamjibu, na yupo hapa, atanisahihisha nikikosea: "Sajenti, tulikuita utusaidie kupigana, hatukukuita kulea wezi." Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mzee wa kwelea, vita imekwisha, njoo ule ugali!" Wakacheka zaidi. Kaka akakaa chini. Hapo ndipo alipoacha kuicheka ile hadithi.

Sasa nimefika mahali ambapo sikutaka kufika.

Tarehe 21 Agosti 1996, jioni, ng'ombe wakiingia zizini, genge lilirudi. Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na vijana wengi wa Ng'ambo ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanachunga mbuzi tu. Nilikuwa hapa, nimekuja kwa ajili ya mavuno ya pamba. Malimi alikuwa mlangoni pa zizi. Alinigeukia akasema, "Shangazi, ingia ndani, funga mlango." Risasi ilimpata akiwa bado ananitazama mimi. Nilimkokota peke yangu mpaka ndani. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mke wake alikuwa hajabeba hata mimba. Alinifia mapajani. Mimi ndiye niliyemfumba macho, na mikono hii ninayoshikia karatasi ndiyo iliyomwosha. Hakuna siku tangu hapo nimeamka bila kulisikia lile neno, shangazi, na mlango ambao sikuuwahi.

Siku ya kumzika Malimi, pinde zilikuwa zimeegeshwa kwenye ua huu huu. Watu walikuwa wanangoja neno moja tu la marehemu wavuke mbuga. Mimi nililitaka neno hilo kuliko mtu yeyote. Nilimshika kaka kola mbele za watu, nikamwambia, "Sema!" Akaniondoa mikono polepole. Akasema, "Tutashinda, Eve. Tukienda leo tutashinda. Nimeshaushinda ule mji mara tatu." Akaondoka kwenda kukaa na Hellen. Watu wakasubiri, kisha mmoja mmoja wakachukua pinde zao wakarudi makwao wakinung'unika.

Mvua za kwanza za Novemba zilipoanguka, kaka alifungua ng'ombe wawili wa plau, wale wa Malimi, akabeba kijinga cha moto mkononi ili kila mtu aone anavunja amri, akavuka mbuga. Akaenda moja kwa moja kwa mjane wa Chenge. Akampa moto. Kisha akaingiza ng'ombe shambani kwake akaanza kulima.

Usagara ilimtenga yeye sasa. Sheria ile ile. Watoto walimpita bila shikamoo. Mimi mdogo wake nilimpita hivyo hivyo, na sitasema uongo hapa, nilikuwa nafanya kwa hasira yangu wala si kwa sheria ya mtu. Mwanangu yuko ardhini halafu baba yake anamlimia mke wa mwizi! Hellen peke yake alifunga masufuria akamfuata. Nilimwuliza amerogwa? Akasema, "Nimeshapoteza mtoto, wifi. Sipotezi na mume." Wakakaa Ng'ambo msimu mzima, kwenye banda la mjane yule.

Siku ya tano au ya sita ya kulima, kijana alitoka porini kuja kuona ni nani anayelima shamba la mama yake. Alikuwa Mhoja, mtoto wa Chenge. Alikuwa na bunduki. Hellen alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Kaka alisimamisha ng'ombe, akamwuliza, "Siku ya Malimi ulikuwepo?"

Kijana akaitazama plau. Akasema, "Nilikuwepo."

"Ni wewe uliyepiga?"

"Tulipiga wengi. Sijui."

Hellen anasema alidhani mmoja wao atakufa pale. Kaka alifuta jasho. Akasema, "Ng'ombe huyu wa kushoto anapenda kutoka kwenye mstari. Alikuwa na mtu wake aliyemzoea, na mtu huyo hayupo. Weka hicho kitu chini, umshike wewe." Kijana akaweka bunduki chini akashika ng'ombe. Wakalima hadi jioni bila neno lingine.

Kabla ya Krismasi vijana wengine walikuwa wameshuka. Mwezi wa pili mwaka 1997 walipeleka bunduki polisi, kaka akiwa mbele yao, na waliofungwa walifungwa; Mhoja naye alikaa ndani mwaka mmoja. Mwaka uliofuata wazee wa Ng'ambo walialikwa barazani, wakalipa faini ya ng'ombe, tukala pamoja. Tangu siku ile plau ilipoingia Ng'ambo mpaka leo, hakuna zizi lililovunjwa upande wowote wa mbuga hii. Elias husema ni kwa sababu tuliwapiga mwaka 1995. Kaka alikuwa anakubali nusu. "Bila pambano lile Mhoja asingenisikiliza," alisema. "Lakini pambano lilitupa asubuhi moja tu. Asubuhi hiyo sisi tuliitumia kucheza ngoma."

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana marehemu alianza kuvimba tumbo na kukosa hamu ya kula. Alipimwa Bugando, ikaonekana ini, na limekwenda mbali. Tunawashukuru madaktari, wauguzi na masista. Aliyemtoa hapa kwa baiskeli mpaka barabara ya lami ni Mhoja. Aliyelala sakafuni chini ya kitanda chake ni Mhoja. Aliyemgeuza, akambeba chooni, akafua mashuka, ni Mhoja. Nilifika siku moja na uji, akainuka haraka, akasema, "Shikamoo, shangazi." Wodi nzima ilinisikia. Nilimwambia, "Mimi si shangazi yako! Neno hilo lina mwenyewe." Akapokea chupa ya uji kwa mikono miwili, akatoka nje.

Kaka alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Siku ya kuzikwa kwangu utasoma wewe. Umsome na yeye, pamoja na watoto."

Nikasema sitaki.

"Sikuombi umpende, Eve. Nakuomba umsome. Watu wa Ng'ambo watakuwepo, watasikiliza. Wasipolisikia jina lake watajua kwamba amani ilikuwa ya kwangu mimi, si yenu, na mimi nimekufa. Utakuwa umeondoka kwenye ule mji kwa mara ya nne."

Sikumwahidi. Alinishika mkono akalala hivyo. Alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa moja asubuhi, mkewe upande mmoja na Mhoja upande mwingine. Mimi nilikuwa njiani. Sikumwahi kaka yangu. Hata yeye sikumwahi.

Marehemu ameacha mke, Hellen, watoto wawili, Josephat na Wilhelmina, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Malimi, mzaliwa wake wa kwanza, alimtangulia, na kaburi lake ni hilo lililo kushoto kwa hili. Hapo ndipo karatasi inapoishia.

Elias, kaa chini, binamu. Nimekuona. Ulichapa ulichochapa kwa sababu unampenda Malimi, najua, na mimi nimelia na wewe. Kaa.

Mhoja Chenge, simama watu wakuone. Sijakusamehe. Nalisema hapa kwenye kaburi nisije nikadanganya kanisani. Nikikuona naona mlango wa zizi. Labda nitakufa hivyo hivyo. Lakini kaka yangu alipigana vita mbili na hakuwahi kushindwa pambano, na kitu pekee nilichokiona kimedumu katika yote aliyoshinda ni shamba la mama yako. Siwezi kulizika na yeye.

Basi andikeni kwa kalamu kwenye karatasi zenu, baada ya Wilhelmina: na Mhoja, mwanawe.

Toka huko kwenye minyaa, wewe. Wengine nao wa Ng'ambo sogeeni, mbona mmekaa kama wageni. Udongo wa kwanza hutupwa na watoto wa marehemu, na pale upande wa kichwa ambapo angesimama Malimi hakuna mtu. Pita hapa kwanza, Mhoja. Mshike shangazi yako mkono.

Lala salama, kaka yangu, mzee wa kwelea. Mtama haujavunwa. Sisi tunabaki shambani.